Sura ya Sita: Saini Kabla ya Maelezo

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kilosa, Chifu Mangungo aliweka alama yake kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Siku chache baadaye, tarehe 4 Desemba, Karl Peters, Mjerumani aliyeileta karatasi hiyo, alikuwa ameshafika kwa mtawala ambaye hati za Wajerumani zinamwita Muinin-Sagara, jina ambalo abiria wa Reli ya Kati bado analisikia treni ikitoka Kilosa na kuanza kupanda bonde la mto Mkondoa: Munisagara. Utaratibu ulikuwa uleule. Vilitangulia vinywaji na zawadi, yakafuata maneno matamu ya urafiki kupitia kwa mkalimani, bendera ikapandishwa, bunduki zikapigwa hewani. Karatasi zikaondoka na Peters kwenda Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Kaiza ikazikubali na kuzipa ulinzi wake. Kwa mujibu wa karatasi hizo, watawala wale walikuwa wametoa ardhi yao na haki zote za kuitawala, milele, kwa hiari yao.

Kila Mtanzania aliyekaa darasani amesikia habari za Mangungo. Tumemfanya msemo: mkataba mbovu ukisainiwa popote nchini, watu husema hiyo ni mikataba ya kina Mangungo. Nionavyo mimi, tunamwonea. Tunamcheka aliyeweka alama, wakati wa kuhojiwa ni aliyeshika karatasi. Pale Msovero aliyejua yaliyoandikwa alikuwa upande mmoja tu, na upande huo ndio uliochagua kunyamaza. Saini isiyotanguliwa na maelezo ni aibu ya yule anayejua.

Sura hii inahusu nidhamu ya wauguzi, nami nimeanzia Msovero kwa makusudi. Usiku huu, katika hospitali fulani ya wilaya, kuna mama anayesogezewa fomu ambayo hakuisoma, kuhusu mwili wake mwenyewe, na anayemsogezea ni mtu anayejua kila neno lililomo. Tukizungumzia maadili ya uuguzi tunakimbilia sare safi, kucha fupi, kuwahi zamu, kutochezea simu wodini. Hayo yana maana yake, sitayadharau. Lakini muuguzi anaweza kuyatimiza yote, akang'aa kama nyota, na bado akamtendea mgonjwa kile Peters alichomtendea Mangungo.

Sheria ipo, na iko wazi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kazi ya kusajili, kutoa leseni na kusimamia maadili. Mtu asiye na usajili haruhusiwi kujiita muuguzi wala kufanya kazi hiyo. Aliyesajiliwa akituhumiwa kwa mwenendo mbaya, Baraza linaweza kumwita, kumsikiliza, na akionekana ana hatia, kumwonya, kumsimamisha au kufuta jina lake kwenye daftari. Pembeni ya hiyo kuna njia nyingine, ya mwajiri. Muuguzi wa zahanati ya kijiji ni mtumishi wa halmashauri. Mkurugenzi anaweza kumfungulia mashtaka ya kinidhamu chini ya taratibu za utumishi wa umma. Watu wengi huchanganya njia hizi mbili. Mwajiri anauliza kama mtumishi ametimiza masharti ya ajira yake. Baraza linauliza swali zito zaidi: je, mtu huyu bado anafaa kuaminiwa na mgonjwa yeyote, mahali popote?

Swali hilo la pili ndilo linalonishughulisha, na jibu lake kwa sehemu kubwa linapatikana kwenye ridhaa.

Tuitazame fomu yenyewe kwa karibu. Saa nane za usiku, mama ana uchungu tangu jana yake asubuhi. Njia imefunguka lakini mtoto hashuki, na mapigo ya moyo wake yameanza kubadilika. Daktari ameamua upasuaji. Nesi anakuja kwa haraka na karatasi: "Mama, weka saini hapa twende thieta." Mama hajui kusoma, au anajua lakini uchungu haumpi nafasi. Kibweta cha wino wa mihuri kinaletwa, dole gumba linashikwa na kubonyezwa, karatasi inaingia kwenye faili. Kwa macho ya mkaguzi, faili hilo limekamilika.

Sasa nesi mwingine, usiku uleule, mwenye haraka ileile. Anainama mpaka uso wake uwe sawa na wa mama, anasubiri uchungu mmoja upite, kisha anasema: "Mama yangu, nisikilize kidogo. Mtoto amechoka. Hashuki, na moyo wake unapiga tofauti na tunavyotaka. Daktari anaona tumtoe kwa upasuaji. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, utakuwa macho lakini hutasikia kisu. Unaweza kutoka damu nyingi, na kidonda kinaweza kupata maambukizi. Tumejiandaa kwa yote mawili. Tukiendelea kungoja, mtoto anaweza kutuponyoka na kizazi chako kinaweza kupasuka. Hebu niambie, umenielewaje?" Mama anajibu kwa maneno yake: "Mnataka kunipasua kwa sababu mtoto hapumui vizuri." Nesi anasahihisha palipopinda, anamuuliza kama ana swali, na hapo ndipo wino unapofunguliwa. Muda uliotumika hauzidi dakika tatu, na maandalizi ya thieta yanaendelea wakati huohuo.

Kazi ya kueleza upasuaji kwanza ni ya anayepasua. Hilo lisemwe bila kuficha, maana madaktari wengi wameigeuza kuwa kazi ya nesi, na manesi nao wameigeuza kuwa kazi ya kukusanya saini. Muuguzi anayeshuhudia saini anathibitisha kwamba mgonjwa ameelewa. Akijua hajaelewa, wajibu wake ni kumrudia daktari na kusema, "Daktari, huyu mama bado hajaelewa, naomba umwambie tena." Sentensi hiyo ni ngumu kuitamka mbele ya bosi saa nane za usiku. Kwangu mimi, muuguzi anayeitamka ana nidhamu kuliko yule asiyewahi kuchelewa zamu maisha yake yote.

Halafu kuna ridhaa zisizo na fomu, ambazo ni nyingi kuliko zenye fomu: kupimwa njia, kuongezewa njia kwa mkasi wakati wa kujifungua, kuwekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango, kuchomwa sindano ambayo mgonjwa hajaambiwa ni ya nini. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria, ambamo watafiti walikaa wodini na kuangalia wenyewe. Asilimia 59 ya vipimo vya njia vilifanywa bila ridhaa ya mama. Kwa kuongezewa njia, wanawake watatu kati ya wanne hawakuombwa. Sitaki kudhani kwamba wakunga wa nchi hizo wana roho mbaya kuliko wengine. Wengi wao, naamini, wangeshangaa kuulizwa, kwa sababu walifundishwa na waliowatangulia kwamba mwanamke akishapanda kitandani ameshakubali kila kitakachofuata.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya mambo haya. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa ameshapewa Tuzo ya Nobel, alikuwa kwenye visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki. Alipandisha dozi, baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Ulimwengu ulisubiri hadi 1947, baada ya kesi za madaktari wa Kinazi kule Nuremberg, kuandika kwa lugha isiyo na utata kwamba hakuna jaribio juu ya mwili wa mtu bila hiari yake. Baraza la Kimataifa la Wauguzi likatoa kanuni zake za maadili mwaka 1953, na limezipitia mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2021. Kanuni hizo zinamtaka muuguzi ahakikishe mgonjwa anapata taarifa sahihi, za kutosha, kwa wakati, na kwa namna anayoweza kuielewa, ndipo akubali au akatae.

Kwa namna anayoweza kuielewa. Maneno hayo ni mepesi Dodoma mjini. Huku juu ya bonde la Mkondoa yana uzito mwingine.

Munisagara ni stesheni ya kwanza ukiiacha Kilosa kuelekea Dodoma, mahali ambapo reli na mto vinagombea njia moja kati ya milima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na mvua za miaka iliyofuata zimerudia kuisumbua sehemu hiyo. Kwenye vijiji vya namna hii, muuguzi aliyepangwa zahanati mara nyingi ndiye anayezalisha, anayechanja, anayetoa dawa, anayejaza madaftari na anayekaa na ufunguo. Huenda amezaliwa Mbeya au Mara. Kiswahili chake kinatosha kwa vijana. Kwa bibi wa Kisagara au Kikaguru hakitoshi, na hapo anaitwa mjukuu atafsiri. Mkalimani wa Peters alikuwa na sababu zake za kusema alivyosema. Mjukuu naye anazo zake: anaona haya kumwuliza bibi yake habari za mkojo, au ameamua mwenyewe kwamba bibi asiambiwe jina la ugonjwa. Muuguzi makini analijua hilo. Anamtafuta mama mtu mzima wa kijijini asiye ndugu wa mgonjwa, anaomba kwanza idhini ya bibi, na anauliza maswali mafupi ambayo majibu yake yanaonekana hata kwa ishara: wapi panauma, tangu lini, umekula nini leo.

Msimamizi hayupo. Muuguzi Mkuu wa Wilaya yuko Kilosa mjini, na masika yakichachamaa ziara ya usimamizi inaweza kupita miezi. Kwa hiyo nidhamu ya muuguzi wa kijijini haiwezi kutegemea kuogopa mtu. Inategemea anachoandika kwenye kadi na daftari wakati hakuna anayemtazama: saa halisi aliyompima mama, siyo saa iliyojazwa asubuhi yake ili mistari ilingane.

Kijijini pia ndiko siri inakopimwa. Mjamzito hupimwa Virusi vya UKIMWI kliniki, na ni jambo jema, kwa kuwa dawa zinamkinga mtoto. Lakini Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema upimaji ni wa hiari na majibu ni siri; kumlazimisha mtu kupima ni kosa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kujiamulia kupima hadi miaka 15. Sasa msikilize muuguzi anayesema, "Wote mnapimwa, pangeni mstari." Hajalazimisha mtu kwa fimbo, lakini hajaacha upenyo wa kusema hapana. Na muuguzi anayewaita wenye kuchukua dawa wakae benchi lao upande wa mwembe ameshatangaza majibu kijiji kizima bila kufungua mdomo.

Kuna na hili la mwenza. Serikali inahimiza wanaume waongozane na wake zao kliniki, na nia yake ni nzuri. Kwenye baadhi ya vituo nchini, himizo limegeuka kuwa sharti: mwanamke aliyekuja peke yake anaambiwa arudi na mume, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza kwa nini hana. Fikiria msichana aliyekimbiwa, akimweleza mwenyekiti habari za mimba yake ili apate karatasi ya kumruhusu kupimwa presha. Ndivyo inavyokuwa pia mama anapotaka kipandikizi akaulizwa, "Baba anajua?" Kumshauri azungumze na mumewe ni sawa. Kumnyima huduma mpaka mumewe akubali ni kuchukua mwili wa mtu mzima na kuukabidhi kwa mwingine, na hakuna kanuni ya taaluma inayomruhusu muuguzi kufanya hivyo.

Upande wa pili wa wilaya, Mikumi, ridhaa inakuja kwa sura nyingine kabisa. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza hifadhini, na ajali zake zinaijua njia ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Majeruhi analetwa hana fahamu, hana ndugu, simu yake imevunjika. Huyu hawezi kukubali wala kukataa, na hapo muuguzi hasubiri saini ya mtu: anaokoa uhai kwanza. Hata fomu ya polisi, PF3, ambayo watu wengi wanaamini ni lazima itangulie, haipaswi kumzuia anayevuja damu asitibiwe, karatasi itafuata. Ila dharura ina mipaka yake. Majeruhi akizinduka, haki yake ya kuambiwa inazinduka pamoja naye. Anapaswa kujua alifanyiwa nini, alipewa damu au hakupewa, na lile lililobaki kufanywa linamhitaji yeye aseme ndiyo. Nimesikia wagonjwa wakisimulia kwamba walijua wamekatwa kidole siku ya kubadilishiwa bandeji. Dharura haikumlazimisha mtu kuwaficha siku zote hizo.

Sasa tuulize: mgonjwa asipoelezwa, akitukanwa, akipigwa kofi akijifungua, anakwenda wapi?

Jibu bora nililonalo linatoka Tanga. Kwenye wilaya za Muheza na Korogwe, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliendesha mradi ulioitwa Staha. Waliwauliza wanawake waliojifungulia vituoni kama walitendewa vibaya. Wakiulizwa wakati wanaondoka kituoni, asilimia 19 hivi walisema ndiyo. Lilipoulizwa kundi la wanawake hao wakiwa majumbani kwao wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Mama aliyeko ndani ya uzio wa hospitali anajua atarudi kuchanja mtoto kwa mikono ileile, kwa hiyo anashukuru na kuondoka. Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, mbele ya dirisha la anayelalamikiwa, litabaki tupu kwa sababu hiyohiyo, na utupu wake usisomwe kuwa ni kuridhika.

Mradi haukuishia kuhesabu. Katika wilaya moja kati ya hizo mbili, wanajamii, wauguzi na viongozi waliketi wakatengeneza mkataba wa huduma unaoeleza haki na wajibu wa kila upande, na hospitali ikatafuta mambo ya kurekebisha, yakiwemo mapazia ya faragha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kutendewa vibaya umepungua kwa karibu theluthi mbili ukilinganisha na wilaya jirani ambako mradi haukufanya kazi hiyo. Hakuna nesi aliyehitaji kuwekwa mahabusu ili hilo litokee.

Nalisema la mahabusu kwa sababu limekuwa mtindo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya mamlaka ya kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48 pale amani inapokuwa hatarini, na mamlaka hayo yametumika kwa watumishi wa afya mbele ya kamera, wananchi wakipiga makofi. Mkuu wa wilaya siye Baraza. Hajui kama mgonjwa alikufa kwa uzembe au kwa damu kukosekana benki ya damu, na saa 48 hazimfundishi. Muuguzi aliyedhalilishwa hadharani anajifunza jambo moja tu: kuandika kidogo iwezekanavyo kwenye faili. Mtindo wa pili ni wa kimyakimya, nao ni mbaya zaidi kwa mtu wa Munisagara. Muuguzi aliyelalamikiwa sana mjini anahamishwa, na anahamishiwa huko ambako reli ikikatika hakuna anayefika. Halmashauri inaona imetatua. Kijiji kinapokea mtu ambaye Baraza halikuwahi kumsikia.

Na wauguzi wenyewe? Wamechoka, ni wachache, wengine wanalala nyumba zinazovuja. Mwaka 2015 hadi 2016 takwimu za kitaifa zilionyesha asilimia 63 ya akina mama wakijifungulia vituoni. Mwaka 2022 zikaonyesha asilimia 81. Akina mama wamesikia wito, wamekuja, na wodi zimejaa. Anayedai maadili kwa muuguzi anapaswa kudai kwa nguvu hiyohiyo muuguzi wa pili, taa ya usiku na glavu. Nasema hivyo kwa moyo wote, na bado nasisitiza kwamba kumweleza mgonjwa hakusubiri bajeti.

Kipimo halisi cha ridhaa ni siku mgonjwa anaposema hapana. Mama aliyewahi kupoteza watoto wawili anaambiwa mimba hii akajifungulie hospitali ya wilaya, anakataa: hana wa kumwachia watoto, na nauli imeliwa na msiba. Muuguzi wa kwanza anafoka, "Ukifa usinilaumu," na kumrushia kadi. Muuguzi mwenye nidhamu anaketi. Anamwuliza ni nini hasa kinachomzuia, anajibu lile analoweza, anamweleza dalili ambazo akiziona asingoje hata saa moja: damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, mtoto kuacha kucheza. Anamwomba aje na dada yake au mama mkwe siku ya kliniki inayofuata, akipenda, ili wapange pamoja usafiri na nani atabaki na watoto. Kisha anaandika kwenye kadi, kwa mwandiko unaosomeka: amepewa rufaa, ameelezwa sababu, amekataa kwa sasa, sababu zake ni hizi, ameelezwa dalili za hatari, tarehe ya kurudi ni hii. Anatia saini yake mwenyewe chini, anamsomea mama yote aliyoyaandika kabla ya kumkabidhi kadi, na kama kuna neno ambalo mama hakulisema, analikata mbele yake na kuandika upya.